Kukarabati mnara wa kumbukumbu wa wanahewa wa vita katika pwani ya Malindi na Lamu

Mawe ya matumbawe na chokaa yanajua kukaa na bahari. Nyumba za mawe za Lamu zimesimama kwa zaidi ya miaka 200 kwa vitu hivyo viwili tu na boriti za mikoko. Kwa hiyo mnara wa kumbukumbu wa wakati wa vita unapoanza kumomonyoka baada ya miaka 70 au 80, tatizo kwa kawaida haliko kwenye jiwe. Liko kwenye chumvi iliyonaswa ndani, na mara nyingi iliyoinasa ni saruji iliyopakwa juu na mtu aliyetaka kusaidia.

Mwongozo huu ni wa mnara wa aina inayoweza kujengwa hapa pwani kwa kazi hiyo: nguzo ya mawe yenye plasta, bamba la bronzi lenye majina, na pengine rafadha au kipande kingine cha ndege. Kanuni moja inaongoza kila hatua: kiraka kiwe laini kuliko kile kinachoshikizwa. Kiraka kikichakaa, kitabadilishwa. Jiwe lenye jina la mtu halibadilishwi.

Kabla ya kugusa chochote

Jueni kwanza mnara ni wa nani. Ukiwa ndani ya eneo la makaburi ya vita, au kuna kaburi la askari chini yake, mwenye dhamana ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, na kazi yenu ni kupiga picha na kuiandikia, basi. Ukiwa kwenye ardhi ya umma, nendeni ofisi ya kaunti na ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya; kwa Malindi waulizeni kwenye makumbusho ya mji, Nyumba ya Nguzo, na kwa Lamu kwenye makumbusho ya Lamu. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda minara iliyotangazwa rasmi, na kuichokoa bila kibali ni kosa hata kama nia ni safi. Ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, msisogeze hata jiwe moja la msingi kabla ya kuwauliza.

Kisha andikeni hali ilivyo. Pigeni picha pande zote nne mchana, na usiku mrudi na tochi. Ishikeni tochi ubavuni mwa ukuta, karibu kuugusa, mwanga uteleze juu ya uso wake. Herufi zisizosomeka mchana zitatokea kwa vivuli vyake, na plasta iliyovimba itaonekana kama kilima. Choreni kila uso kwenye karatasi kwa vipimo, mtie alama kwa rangi tofauti: nyufa, sehemu zilizopwaya, chumvi nyeupe, kutu, kuvu, saruji ya zamani. Mchoro huo ndio utakaowaambia mwakani kama tatizo limepona au limehama.

Gongeni plasta yote kwa kifundo cha kidole au kinyundo cha mbao. Ikilia kwa uzito, imeshika. Ikilia kama ngoma, imeachana na jiwe. Ufa upigieni mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande, mpime umbali kati yake kila mwezi kwa muda wa kaskazi na kusi. Ufa usiosogea hujazwa. Unaosogea una sababu chini, kwenye msingi au kwenye mizizi, na kuujaza ni kuuficha tu.

Mizizi ya mtini na mwarobaini isivutwe kwa nguvu, maana hutoka na mawe. Kateni shina karibu na ukuta, mpake dawa ya kuua kisiki kwenye jeraha kwa brashi ndogo, msubiri ikauke kabisa, ndipo mtoe vipande vilivyolegea.

Chumvi inavyofanya kazi

Hili ni vizuri lieleweke, kwa sababu makosa mengi ya ukarabati yanatokana na kutolielewa. Chumvi ya bahari huingia kwenye jiwe kwa njia tatu: manyunyu ya upepo wa kusi, maji yanayopanda kutoka ardhini, na mchanga wa ufukweni uliochanganywa tangu mwanzo kwenye mota, yaani mchanganyiko wa kushikizia mawe. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi ya kawaida hunyonya maji na kuyeyuka. Ukishuka chini ya hapo, hukauka na kuwa fuwele. Hapa kwetu hewa huvuka mstari huo huku na huko, usiku ikiwa juu na mchana wa jua ikiwa chini, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kila inapokauka, fuwele husukuma kuta za vitundu vya jiwe. Ndiyo maana jiwe hugeuka unga bila mtu kuligusa.

Plasta ya chokaa inapumua, kwa hiyo chumvi hutoka nayo na kukaukia juu yake. Plasta huharibika, jiwe hubaki. Saruji haipumui vya kutosha, na maji yaliyo nyuma yake hutafuta njia pembeni. Chumvi hukaukia ndani ya jiwe, nyuma ya saruji, na siku saruji inapobanduka inatoka na uso wa jiwe uliogandamana nayo. Zaidi ya hapo, saruji yenyewe ina chumvi zake.

Kusafisha

Tumieni maji ya mvua. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvichumvi, na kuosha mnara kwayo ni kuulisha kile kile kinachouumiza. Tangi la lita 200 lililokingwa wakati wa masika linatosha mnara mdogo.

Brashi iwe ya nyuzi laini za nailoni au ya makumbi. Lowesheni uso kidogo, mpige brashi kwa mizunguko kutoka chini kwenda juu, mkisuuza mnapokwenda, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu. Kuvu nyeusi na mimea midogo ya kijani ikigoma, ikwangueni kwa kijiti cha mbao au mwanzi. Ikigoma tena, pakeni dawa ya kuua kuvu yenye benzalkoniumu kloridi, iliyopunguzwa kwa maji kama lebo inavyosema, muiache siku kadhaa ife yenyewe, halafu muioshe.

Visiingie kazini kabisa: brashi ya waya, mashine ya maji ya shinikizo, asidi ya aina yoyote, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Asidi huyeyusha matumbawe na chokaa papo hapo, kwa kuwa vyote viwili ni kalisi kaboneti. Dawa ya klorini huonyesha matokeo mazuri siku ile, kisha huacha chumvi ndani ya ukuta.

Sehemu zinazotoa unga mweupe zitahitaji kunyonywa chumvi. Chukueni karatasi laini za shashi au pamba, mzisage kwenye maji ya mvua mpaka ziwe ugali mwepesi. Bandikeni unene wa sentimita 2 juu ya jiwe lililoloweshwa, mfunike kwa nailoni siku moja, kisha mfunue muache vikauke vyenyewe. Maji yanapotoka kwenda kwenye karatasi huvuta chumvi. Bandueni vikiwa vikavu, msirudishe ugali ule ule. Kujua lini mwache, loweka gramu 10 za karatasi iliyobanduliwa ndani ya mililita 100 za maji yaliyosafishwa, upime kwa kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Mara ya kwanza namba huwa kubwa, kisha hushuka. Ikiacha kushuka, mmefika mwisho wa kile ambacho njia hii inaweza kutoa.

Kuondoa saruji ya zamani

Hapa ndipo subira inapohitajika. Tumieni tindo nyembamba na nyundo nyepesi, tindo ikilala karibu sambamba na ukuta, mkianzia kwenye sehemu iliyokwisha kulia kama ngoma. Msitumie mashine ya kukatia: diski haijui saruji inaishia wapi na jiwe linaanzia wapi. Na saruji iliyong'ang'ania jiwe lenye maandishi muiache. Kuing'oa kutavunja herufi, na herufi ndizo mnazozilinda.

Mnara ukiwa wa zege lenye nondo tangu ulipojengwa, hesabu inabadilika, na chokaa si dawa yake. Nondo zikipata chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo zege hupasuka. Chimbeni mpaka milimita 20 nyuma ya nondo, msafishe chuma mpaka king'ae, mkipake rangi ya kinga yenye zinki, kisha mjaze kwa mota ya saruji iliyochanganywa kwa mchanga wa mto na maji matamu. Kazi hiyo iwe na mhandisi.

Chokaa

Panga kazi ya plasta kati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Wakati wa masika mvua huosha chokaa kabla haijashika, na jua na upepo mkavu wa kaskazi huikausha haraka mno. Chokaa haikauki tu ikawa ngumu. Inashika kwa kuvuta hewa ya kaboni dayoksaidi ikiwa na unyevu. Ikikauka kabla ya hapo, inabaki unga.

Kwa hiyo chokaa yenyewe izimwe mapema, Mei haijafika. Chokaa mbichi iliyotoka tanuri hutiwa ndani ya maji; maji hayamwagwi juu ya chokaa. Huchemka na kurusha matone, kwa hiyo vaeni miwani ya kazi, glavu za mpira na mikono mirefu, na ndoo ya maji safi iwe karibu kwa ajili ya macho. Koroga, chekecha kwa wavu wa milimita 3, uihifadhi kwenye pipa ikiwa na maji juu yake daima. Miezi 3 ndiyo ya chini. Ikikaa zaidi inakuwa bora, laini kama siagi. Mkikosa kabisa, chokaa ya mfuko ya dukani ilowekwe angalau siku nzima, na mfuko uwe mpya, kwa sababu uliokaa ghalani wazi umekwisha kushika nusu yake bila kazi.

Mchanga wa mto Sabaki unafaa ukisafishwa. Jaza chupa ya kioo nusu kwa mchanga, tia maji, tikisa, uache usiku mmoja. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka. Likizidi asilimia 8 ya urefu wa mchanga, osha tena. Punje ziwe za saizi mchanganyiko, kubwa na ndogo, zenye pembe; mchanga wa saizi moja hutoa plasta inayopasuka. Mchanga wa ufukweni usitumike, hata ukiwa mweupe na mzuri machoni.

Kipimo ni sehemu 3 za mchanga kwa 1 ya chokaa, kwa ujazo. Sababu ni kwamba nafasi tupu kati ya punje za mchanga ni takriban theluthi moja, na chokaa inakuja kuijaza hiyo tu. Nguzo ya urefu wa mita 2.5 yenye upana wa sentimita 80 kila upande ina eneo la mita 8 za mraba. Kwa plasta ya milimita 20, pamoja na mashimo na kinachopotea, tayarisheni ndoo 9 za lita 20 za mchanga na ndoo 3 za chokaa. Karibu na ardhi, au upande unaopigwa na kusi, ongezeni nusu sehemu ya unga wa matofali au vigae vilivyosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Unga huo huisaidia chokaa kushika hata kwenye unyevu. Uchanganywe siku ya kazi, si kabla.

Kuchanganya ni kuponda. Mchanga uwe na unyevu, chokaa itoke pipani bila maji ya ziada, vipondwe pamoja kwa mchi. Mwanzoni vitaonekana vikavu, na fundi mwashi aliyezoea saruji atataka kuongeza maji. Mzuieni. Baada ya robo saa ya kuponda, mchanganyiko hulainika wenyewe. Maji mengi leo ni nyufa wiki ijayo. Ufunikeni kwa gunia bichi wiki moja, halafu mponde upya kabla ya kuutumia.

Upakaji wenyewe uende hivi:

1. Nyunyizia ukuta maji ya mvua jioni na tena asubuhi, mpaka jiwe liache kunyonya lakini lisimeremete.
2. Jaza mashimo makubwa kwanza, kwa vipande vya matumbawe vilivyozamishwa ndani ya mota. Shimo lililojazwa mota tupu litanywea.
3. Tupia tabaka la kwanza kwa mwiko, kwa nguvu, milimita 8 hadi 10. Kutupa hutoa hewa. Kupaka kwa kuteleza huifungia ndani. Kwaruza mistari likiwa bichi.
4. Subiri mpaka ukucha wa kidole gumba usiache alama. Kwa hali ya hewa ya Septemba ni siku 5 hadi 7.
5. Lowesha, weka tabaka la pili la milimita 8, na baada ya muda kama huo la mwisho la milimita 3 au 4 lenye mchanga mwembamba. Lisawazishe kwa kibao cha mbao. Mwiko wa chuma huvuta chokaa juu na kuziba uso.
6. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta bila kuugusa, uyaloweshe mara 3 au 4 kwa siku kwa wiki nzima.

Nyufa nyembamba zikitokea siku ya pili, zibonyezeni kwa kibao plasta ingali bichi. Plasta ikitoa unga ukiipangusa, imekauka haraka; iloweshe kila siku kwa wiki moja zaidi uone. Ikilia kama ngoma, itoe yote mahali hapo, kwa sababu ukuta haukuloweshwa.

Mkipaka chokaa nyeupe juu, iwe nyembamba kama maziwa, mikono 4 au 5, siku moja kati ya kila mkono. Watu wengi hutia chumvi kidogo ili ishike. Hapa hapana, mmetumia wiki nzima kuitoa.

Bamba la majina

Bronzi ni shaba nyekundu na bati. Ngozi ya kahawia au kijani kilichokolea, iliyoshikamana na laini, ni kinga yake, na si uchafu. Dawa ya kung'arishia shaba huiondoa, kila mara ikila ncha za herufi kidogo, na kuacha mabaki meupe ndani yake. Bamba linalong'arishwa kila mwaka hufika siku likawa halisomeki.

Kinachotisha ni madoa ya kijani kilichopauka, kama unga, yanayorudi siku chache baada ya kupanguswa. Hiyo ni kloridi inayoila bronzi kutoka ndani. Toeni unga kwa kijiti cha mwanzi chini ya kioo cha kukuzia, msuuze kwa maji yaliyosafishwa, mkaushe kwa spiriti. Dawa ya benzotriazoli inayofuata ni sumu, na tungeiacha kwa mtaalamu wa maabara ya makumbusho.

Bamba zima lioshwe kwa maji yaliyosafishwa na tone la sabuni laini ya maji, likaushwe, kisha lipakwe nta ya mikrokristalini, aina ya nta ya kulinda metali. Nta huingia vizuri metali ikiwa na joto, na jua la saa saba mchana la Malindi linafanya kazi hiyo bila moto. Pakeni nyembamba kwa brashi, msubiri ipoe jioni, msugue kwa kitambaa cha pamba. Rudieni mara ya pili. Mara mbili kwa mwaka inatosha.

Angalieni skrubu. Za chuma cha kawaida zikigusana na bronzi kwenye hewa ya chumvi huliwa haraka, na kutu yake hupasua jiwe. Mahali pake wekeni za bronzi au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, na washa za nailoni. Kwa fimbo ya milimita 8, toboa tundu la milimita 10 lenye kina cha milimita 80, kwa drili inayozunguka tu bila kugonga. Bamba likae milimita 5 hadi 10 mbele ya ukuta, maji yapate njia ya kushuka nyuma yake.

Rafadha na vipande vya ndege

Alumini ya ndege za wakati ule, duralumini, ina shaba kiasi cha asilimia 4. Shaba huipa nguvu, na ndiyo inayoifanya ioze kwa matabaka kwenye chumvi, kama kurasa za kitabu kilicholowa. Isuuzwe kwa maji matamu kila mwezi wakati wa kusi, ikaushwe, ipakwe nta. Msiisugue kwa msasa: rangi iliyobaki na namba zilizogongwa kwenye kitovu cha rafadha ndizo zinazoweza kuitambulisha ndege.

Siku ya plasta, ifungeni nailoni yote. Chokaa mbichi huila alumini, na doa lake halitoki. Ipitishieni karatasi ya mpira au nailoni ngumu kila inapogusana na chuma au bronzi.

Saa za ndani ya ndege zenye maandishi ya kung'aa gizani huenda zimepakwa radiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu baada ya miaka 1,600. Zisifunguliwe wala zisikwanguliwe. Na kipande chochote chenye umbo la bomu au risasi, hata kikiwa kimewekwa hapo kama pambo kwa miongo, kiacheni mahali pake muite polisi.

Majina

Herufi iliyopotea haikisiwi. Daftari la majina la Tume ya Makaburi ya Vita liko wazi kwa kila mtu, na humo mtapata cheo, kikosi na tarehe. Msitafute Waingereza tu: Italia ilipoingia vitani Juni 10, 1940, jeshi la anga la Afrika Kusini ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kazi ya angani kutoka Kenya. Ndege zilizodondosha mabomu Malindi Oktoba 24 mwaka huo zilikuwa za Italia. Kwa wanahewa wao ulizeni kupitia ubalozi. Mkikuta mnara umekosea tahajia, msichonge juu yake. Wekeni kibao kidogo pembeni chenye jina sahihi, kwa Kiswahili na lugha za wahusika, chenye msingi wake mwenyewe.

Rangi ndani ya herufi zilizochongwa irudishwe tu kama alama za rangi ya awali zinaonekana, kwa brashi namba 1, na jiwe liwe kavu kwa wiki nzima.

Baada ya kazi

Ardhi kuzunguka mnara iwe chini ya plasta kwa sentimita 15 na iteremke kwenda nje. Kokoto ni bora kuliko nyasi zinazomwagiliwa. Minyororo inayouzunguka mnara, kama ipo, na nguzo zake zipakwe rangi kila mwaka, hilo halina siri.

Ukaguzi uwe baada ya masika na tena kusi inapotulia, mchoro wa kwanza ukiwa mkononi. Jumapili ya kumbukumbu ni ya pili ya Novemba, katikati ya vuli, na mashada ya maua huletwa siku hiyo. Yaegemezeni kwenye kigoda cha mbao mbele ya mnara, yasitundikwe kwa waya wala msumari. Maua ya karatasi nyekundu yakinyeshewa hutoa rangi inayozama kwenye chokaa nyeupe, kwa hiyo yaondoeni kabla ya mvua ya kwanza. Nta ya mishumaa iacheni igande kabisa, muibandue kwa kijiti cha mbao.